Kumbukumbu na Ukumbusho: Historia ya Shule ya Sekondari Iandikweje Lubumbashi?

Makala haya yanachunguza aina ya maandishi ambayo wahakiki wa Kiswahili wameipa nafasi ndogo mno, nayo ni historia ya shule inayosimuliwa na wale waliosoma humo. Tumechagua kuizungumzia kutokea Lubumbashi, na hasa komine ya Kampemba, kwa sababu mbili. Kwanza, mji huu na shule zake vimebadilishiwa majina kiasi kwamba jina pekee analolitumia msimulizi latosha kutuambia alisoma lini. Pili, hapa ndipo lilipozaliwa andiko moja la Kiswahili ambalo, kwa maoni yetu, ni kielelezo bora cha namna historia ya aina hii inavyoweza kuandikwa, ijapokuwa lenyewe halihusu shule.

Kampemba iko upande wa mashariki wa mji. Ni komine ya viwanda na ya mitaa ya makazi, Bel-Air ukiwa miongoni mwake, na wakazi wake walitoka pande zote ambako migodi, reli na biashara viliwavuta watu. Shule ya sekondari katika mahali kama hapa iliwakusanya katika chumba kimoja watoto ambao wazazi wao hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Somo lilitolewa kwa Kifaransa. Uwanjani, njiani na katika ugomvi wa saa ya mapumziko, lugha ilikuwa Kiswahili. Jambo hili analijua kila aliyekulia Lubumbashi, na huenda ndiyo sababu hakuna anayejishughulisha kuliandika.

Shule ya namna hiyo inapofungwa, inapouzwa, au inapoadhimisha miaka yake, hutolewa kijitabu. Msomaji aliyewahi kushika kimoja anaijua sura yake: picha ya mwanzilishi, orodha ya wakuu wa shule na miaka yao, salamu za askofu au za mkurugenzi wa elimu, idadi ya waliofaulu mtihani wa taifa, kisha ukurasa wa shukrani. Chote ni cha Kifaransa. Hatudharau kazi hiyo, kwani bila orodha ya miaka mtafiti atapotea. Ila tunauliza swali la kihakiki: ni nani anayezungumza ndani ya kijitabu hicho, na ni nani anayesikilizwa? Anayezungumza ni taasisi. Mwanafunzi yumo kama tarakimu, na akibahatika, kama uso mmojawapo katika picha ya darasa ambayo haina majina chini yake.

Kiswahili chenyewe kinatupa istilahi za kulieleza tatizo hili. Kutokana na kitenzi *kumbuka* tunapata nomino mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. *Kumbukumbu* ni kile kilichokumbukwa au kilichowekwa, na ndiyo maana mihtasari ya mikutano huitwa hivyo. *Ukumbusho* unatokana na umbo la kusababisha, *kumbusha*. Ni kitu kinachomfanya mtu mwingine akumbuke. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, katika makala yao ya mwaka 1976 juu ya uchoraji wa watu wa kawaida katika Shaba, walionyesha kuwa wachoraji na wanunuzi wa huko walilitumia neno *ukumbusho* kwa picha iliyotundikwa sebuleni. Picha hiyo haikununuliwa kwa ajili ya uzuri peke yake. Thamani yake ilikuwa katika uwezo wa kumfanya mgeni aitazame, anyamaze kidogo, kisha aanze kusimulia. Tukikipima kijitabu cha jubilei kwa kipimo hicho, tutaona kuwa ni kumbukumbu isiyo na ukumbusho. Mzee aliyesoma pale akikifungua, hasimulii neno. Anatafuta jina lake, halioni, anakifunga.

Majina ya shule kama matini

Mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1954 alizaliwa Elisabethville, katika Kongo ya Wabelgiji. Alipofikisha miaka sita, Katanga ilijitangaza kuwa nchi huru, na utengano huo ulidumu hadi Januari 1963. Alipoingia sekondari mwaka 1966 mji ulikuwa umekwisha kuwa Lubumbashi. Alipopata diploma mwaka 1972 nchi ilikuwa Zaire na jimbo likaitwa Shaba, neno la Kiswahili lililotwikwa jimbo zima kwa sababu ya madini yake. Mwaka 1997 jimbo lilirudi kuwa Katanga, na mwaka 2015 likagawanywa, ndipo mtu huyo akajikuta katika Haut-Katanga. Huenda katika muda wote huo hakuhama nyumba.

Shule zilipita njia hiyo hiyo. Siasa ya uhalisi ya miaka ya 1970 iliondoa majina ya watakatifu na ya wafalme, na katika Lubumbashi nafasi yao ilichukuliwa mara nyingi na maneno ya Kiswahili. Chuo cha Wasalesiani cha Saint-François de Sales, kilichoanza kwa ajili ya watoto wa Kizungu katika miaka ya mwanzo ya mji, kinajulikana pia kwa jina la Imara. Zipo Wema na Tuendelee. Majina haya yanastahili kusomwa kama matini. *Imara* ni sifa isiyotaja aliye imara. *Wema* ni dhana. *Tuendelee* ni sentensi kamili, yenye nafsi ya kwanza wingi na dhamira tegemezi, na sijui lugha nyingine ya jirani ambayo lango la shule yake husema na mpita njia kwa namna hiyo. Kwa hakika ni jambo la kushangaza kidogo kwamba Kiswahili, ambacho hakikuruhusiwa kuingia darasani kama lugha ya kufundishia sekondari, kiliruhusiwa kuandikwa juu ya mlango.

Kuhusu darasani, historia ni ndefu na tutaigusa tu. Kabla ya mwaka 1954 elimu ya sekondari kwa Waafrika ilikuwa karibu yote mikononi mwa misheni, na nafasi zilikuwa chache. Mwaka huo waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, ndiye aliyeanzisha shule za serikali zisizo za kidini kwa ajili yao. Chuo kikuu kilifunguliwa Elisabethville mwaka 1956. Mageuzi ya mwaka 1962 yaliweka Kifaransa tangu darasa la kwanza. Mnamo Mei 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana hapa hapa Lubumbashi na kupendekeza lugha za taifa zipewe nafasi katika elimu. Mwishoni mwa mwaka huo huo serikali ilizitaifisha shule za makanisa, kisha kwa mkataba wa Februari 1977 ikayarudishia makanisa uendeshaji wake. Kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na nyaraka zake za miaka ya kwanza kwa watawa, za miaka michache katika ofisi ya serikali, na zilizobaki kwa watawa tena, endapo zimebaki. Anayetegemea nyaraka peke yake atasimulia historia yenye shimo katikati.

Matini mbili za kulinganisha

Tunapendekeza kulinganisha vitabu viwili ambavyo havijawekwa pamoja, kwa kadiri tunavyoona inafaa, na wanaofundisha fasihi ya Kiswahili.

Cha kwanza kinatoka Unguja. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, cha misheni ya UMCA, kilianza na watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wa kwanza, wavulana watano, walikabidhiwa Askofu Tozer na Sultani Majid mwaka 1864. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha London kitabu kiitwacho *Kiungani*, kilichokusanya visa ambavyo wavulana wa shule hiyo waliandika juu ya maisha yao. Katika miaka ya 1920 chuo kilihamia bara, Minaki, na Kiungani kama shule ikaisha. Kwa kuwa kitabu kimebaki, mtu angeweza kusema kuwa kumbukumbu ya shule hiyo imehifadhiwa kuliko ya shule yoyote ya zama zake.

Tukikisoma kwa makini tunapata mashaka mawili. La kwanza ni la lugha: kitabu ni tafsiri ya Kiingereza. Tunachokisikia ni Madan, mfasiri hodari na mtunzi wa kamusi, akizungumza kwa niaba ya watoto. Namna mtoto wa Kimakua au wa Kiyao alivyokifinyanga Kiswahili alichojifunza miaka michache tu kabla ya kuandika, hilo halimo. Na kwa mwanaisimu wa leo hilo ndilo lingekuwa hazina. La pili ni la muundo. Visa hivi vinasimulia kutekwa, kuuzwa, kutembezwa na kuvushwa bahari. Mtoto anapofika mikononi mwa Waingereza, kisa huwa kimefika mwisho wake. Shule ni mwisho wa hadithi, haiwi hadithi yenyewe. Mambo ya ndani, kama vile chakula, adhabu, mchezo, urafiki baina ya watoto waliokuwa hawaelewani kwa lugha, tunayapata zaidi katika taarifa za wamisionari. Walioagiza visa hivyo viandikwe walitaka kujua watoto walikotoka. Walikokuwa, waliona wanakujua wenyewe.

Kitabu cha pili ni cha hapa nyumbani. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika kwa niaba ya wenzake waliokuwa katika kazi hiyo *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville. Ilipigwa chapa kwa mashine ya ofisi na kunakiliwa. Jina ni la Kifaransa, matini ni ya Kiswahili cha Lubumbashi. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa upya pamoja na tafsiri na maelezo, akisaidiwa na Kalundi Mango, na Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Maneno ya matini asilia yamekatwa na kuunganishwa bila kanuni, na alama za uandishi ni chache. Hivyo Fabian alimwomba Kalundi Mango aisome kwa sauti, na kutokana na usomaji huo maana ikajitokeza. Msomaji na aangalie jambo hili vizuri. Matini iliyoonekana kuwa mbovu machoni ilikuwa timamu masikioni.

Yav hafuati mpangilio wa vitabu vya historia. Anawataja mabwana kwa majina ya utani waliyopewa na watumishi wao. Anahesabu ujira na posho. Anasogeza matukio ya Leopold II karibu na ya jikoni, kana kwamba yote yalitokea katika ua mmoja, na kwa mtumishi aliyebeba sahani kweli yalitokea katika ua mmoja. Mwanahistoria anayetafuta tarehe atasahihisha mengi. Mhakiki atauliza ni kwa nini makosa hayo yamekaa pale yalipo. Jina la utani la mwajiri, kwa mfano, ni hukumu iliyotolewa na watu wasio na mahakama. Likifutwa na mahali pake pakaandikwa jina la cheti cha kuzaliwa, hukumu imefutwa pamoja nalo.

Hapo ndipo tunapoona uhusiano na shule. Kila shule ya sekondari ilikuwa na *Vocabulaire* yake isiyoandikwa: majina ya utani ya walimu, ya vyumba, ya adhabu, ya chakula cha bweni, ya wanafunzi wa shule jirani. Mwalimu ambaye kijitabu kinamtaja kwa shahada zake na miaka yake ya utumishi, wanafunzi walimjua kwa neno moja. Neno hilo lina tathmini ya ufundishaji wake ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuiandika.

Suala la *masomo*

Pingamizi tunalolitarajia kutoka kwa wenzetu wa idara za Kiswahili ni hili: lugha ya masimulizi hayo si sanifu, nayo ikichapishwa itawapotosha wanafunzi. Edgar Polomé, aliyefundisha hapa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, aliieleza Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968 kama mfumo wenye kanuni zake. Hata hivyo mazoea ya kusahihisha hayajakoma. Tutoe mfano mdogo kabisa.

Mzee wa Kampemba atasema *tulikuwa tunaenda ku masomo*. Mhariri mwenye nia njema atabadilisha: *tulikuwa tukienda shule*. Je, amebadilisha nini? Neno *shule* lilitoka katika Kijerumani wakati wa utawala wa Wajerumani Tanganyika. Unguja, ambako Wajerumani hawakutawala, watu husema *skuli*, kutokana na Kiingereza. Katanga haikupata Mjerumani wala Mwingereza wa kuipa neno, nayo ikaita mahali kwa kazi inayofanyika mahali hapo: *masomo*, kutokana na *soma*. Kati ya maneno hayo matatu, la Katanga ndilo pekee lililoundwa kwa mali ya Kiswahili chenyewe. Mhariri wetu amelifuta kwa jina la usafi wa lugha, akampeleka mzee wa Kampemba kusoma kwa Mjerumani.

Hali ni hiyo hiyo kwa kiambishi *ba-* badala ya *wa-* (*batoto*, *bazungu*), na kwa maneno ya Kifaransa yaliyoingia katika masimulizi ya darasani. Mtu anayesimulia mtihani wa hesabu wa mwaka 1970 atatumia Kifaransa kwa maneno ya mwalimu na Kiswahili kwa maneno ya mwenzake wa dawati. Mpaka baina ya lugha hizo mbili ndio ulikuwa mpaka wa madaraka ndani ya chumba. Ukiyaweka yote katika Kiswahili sanifu, mwalimu na mwanafunzi wanazungumza kwa sauti moja, nao hawakuwa hivyo.

Hatusemi kila kitu kiachwe kama kilivyotamkwa. Maneno yatengwe kwa kanuni za kawaida ili msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asikwame. Maneno ya mahali yafafanuliwe. Zaidi ya hapo, mkono wa mhariri ukae mbali. Fabian alitupa mfano mzuri katika toleo la 1990 kwa kuweka matini asilia mbele ya msomaji pamoja na usomaji wake.

Wasiokuwepo kwenye picha

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha, nayo ni ngumu kuitaja katika sherehe za jubilei. Kati ya mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka miji ya Katanga, hasa Likasi na Kolwezi, na walimu wengi walikuwa miongoni mwao. Vijana waliokuwa wameketi dawati moja wakawa wa pande mbili. Picha ya darasa ya mwaka 1985, ikionyeshwa leo, inaleta ukimya wa aina yake: kila mtu anajua ni nani aliyeondoka, na kwa nini, na ni nani aliyenyamaza. Kijitabu rasmi kinaruka miaka hiyo kwa sentensi moja kuhusu *matatizo ya nchi*. Miaka hiyo ndiyo pia serikali ilipoacha kuwalipa walimu ipasavyo na mzigo ukawaangukia wazazi.

Historia ya shule inayokusanywa kutoka kwa waliobaki peke yao itakuwa historia ya waliobaki. Waliopelekwa Mbuji-Mayi, na wale Wabelgiji waliosoma katika vyuo vya Elisabethville kabla ya 1960 na kuondoka na albamu zao, ni wanafunzi wa zamani pia. Hawa wa mwisho hawana upungufu wa karatasi. Wanakumbuka kwa Kifaransa, juu ya mji ambao Mwafrika alionekana zaidi kama mtumishi. Ni mabwana wa *Vocabulaire*, tukipenda kusema hivyo. Ushuhuda wao una thamani ukiwekwa kando ya ule wa Yav, na una hatari ukiachwa peke yake kwa sababu tu ulipigwa chapa vizuri zaidi.

Mradi wa *Mémoires de Lubumbashi*, ulioanzishwa mwaka 2000 chini ya Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Bogumil Jewsiewicki, umekwisha kuonyesha kwamba wakazi wa mji huu wako tayari kuleta vitu vyao na masimulizi yao wakiombwa kwa heshima. Maonyesho yake katika Makumbusho ya Taifa yaliweka vyombo vya nyumbani mahali pa heshima. Lawama yetu kwa mradi huo, ambao tunauheshimu, ni moja: machapisho yake makuu ni ya Kifaransa, na Kiswahili cha watoa habari kimebaki zaidi katika kanda kuliko katika kurasa. Msomaji anapata maana, hapati sauti. Ni kasoro ya Madan ikirudi baada ya zaidi ya miaka mia moja, safari hii mikononi mwa wenyeji.

Kwa wanafunzi wa idara zetu wanaotafuta mada ya tasnifu, kazi iko wazi na gharama yake ni ndogo. Achague shule moja ambayo jina lake la zamani halisomeki tena ukutani. Asianze kwa kuuliza shule ilianzishwa lini, kwa maana swali hilo humfanya mzee aombe radhi kwamba hana karatasi. Alete picha ya darasa, aulize ni nani huyu na mlikuwa mkimwitaje. Arekodi majibu ya watu wawili waliokaa pamoja, wanaokatizana na kupingana, kwa sababu mmoja akiwa peke yake huelekea kuzungumza kama kijitabu. Na atakaponukuu, aandike *ku masomo*.